Mtoro ni nani? Uchambuzi wa kisa cha maneno mawili katika kliniki ya VVU

Kisa hiki kinatoka kituo kimoja cha afya katika mji wa pwani ya Tanzania. Nilikuwa pale kama mkufunzi wa kujitolea wa WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanaowasaidia wenzao kliniki na mitaani. Mama anayehusika ameridhia kisimuliwe. Nimeondoa jina lake, mtaa, mwaka na hesabu za daftari, na biashara yake nimeibadilisha kidogo. Nitamwita Mama Vitumbua.

Mazingira

Kliniki ya tiba na matunzo, ambayo kila mtu anaiita CTC, iko nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, ukishapita stoo. Ina mabenchi mawili, dirisha moja la dawa na chumba kimoja cha ushauri ambacho mlango wake haufungi vizuri. Wakati huo ilikuwa na sista mmoja kiongozi, mtunza kumbukumbu mmoja kijana, na WAVIU washauri wawili: kaka mmoja wa miaka thelathini hivi, na mama mtu mzima ambaye wote tulimwita Bi Mkubwa.

Ukitaka kuelewa kwa nini watu hawa walikuwa na haraka, tazama utafiti wa kitaifa wa 2022–2023. Kati ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Maana yake, aliyekwisha kuingia mlangoni kwa kawaida anabaki. Asiyebaki anaonekana sana. Anaharibu ripoti, na niseme ukweli, anaudhi. Asipoonekana kwa siku 28 baada ya tarehe aliyopangiwa, jina lake linaingia kwenye karatasi iliyobandikwa kichwa kwa kalamu nyekundu: ORODHA YA WATORO.

Hakuna aliyelitunga neno hilo kwa ubaya. Lilikuwepo, likatumika. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI watambuliwe Kagera mwaka 1983, nchi hii imekuwa ikiupa ugonjwa huu majina na kuyavua. Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuja na biashara ya mpakani. Mitaani ukawa ngoma, umeme, miwaya. Vijana wakazichukua herufi AIDS wakazifasiri wanavyotaka: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Upande wa wanaharakati, kazi kubwa ilikuwa kulisukuma nje neno "mwathirika" na kuliingiza "mtu anayeishi na VVU", na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ikakataza unyanyapaa kwa maandishi. Yote hayo yalikuwa yanasemwa kwenye semina. Karatasi yenye wino mwekundu ilikuwa nje ya semina, ukutani, na hakuna aliyeiona kuwa nayo ni maneno.

Yaliyotokea

Mama Vitumbua alikuwa kwenye dawa mwaka mmoja na kitu, bila kukosa tarehe hata moja. Siku majibu ya wingi wa virusi yaliporudi, aliitwa dirishani. Sista alifurahi kweli, akamwambia: "Hongera mama, virusi havionekani."

Aliyoyasikia yeye alinieleza baadaye, huku anacheka kidogo kwa aibu. "Nilisikia vimekwisha. Nikarudi nyumbani nikachinja kuku."

Alimeza vidonge vilivyobaki kwenye kopo hadi cha mwisho, kwa sababu kuacha dozi katikati ni vibaya, hilo analijua kila mtu. Kisha akatulia. Tarehe yake ilipofika hakwenda. Hakuwa amejificha. Kila alfajiri alikuwa palepale kando ya barabara na kikaango chake, hatua chache kutoka njia wanayopita wahudumu wa kituo. "Mtu akimaliza dozi ya malaria," aliniuliza, "anarudi hospitali kufanya nini?"

Siku 28 zikapita, jina likapanda ukutani. Mtunza kumbukumbu akatuma ujumbe aliokuwa anawatumia wote, akibadilisha jina tu. Uliandikwa hivi: WEWE NI MTORO WA HUDUMA. FIKA KITUONI HARAKA.

Kijana alikuwa makini. Hakutaja VVU, hakutaja dawa, hakutaja kliniki gani. Kwa kanuni za usiri hakuwa na kosa. Lakini simu ya Mama Vitumbua ilikuwa juu ya meza, karibu na bakuli la vitumbua, mikono yake ina mafuta, na mwanawe wa darasa la tano ndiye aliyekuwa anamsomea ujumbe. Mtoto akasoma kwa sauti, akashangaa, akauliza: "Mama, na wewe mtoro? Nani kaandika, mwalimu?"

Wateja waliokuwa wanasubiri wakacheka. Naye akacheka. Jioni akatoa laini kwenye simu, akanunua nyingine.

Mtoto alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Mtoro ni neno la shule. Linakuja na mwalimu wa zamu, mstari wa asubuhi na fimbo. Ndani yake kuna madai mawili: kwamba ulikuwa na wajibu wa kuwepo, na kwamba umekwepa makusudi. Mama Vitumbua hakuwa na hili wala lile. Alikuwa ametangaziwa ushindi, akaenda kuusherehekea.

Simu za kituo zikawa zinajibiwa na sauti ya mtandao, ile ya "mteja unayempigia hapatikani". Kwenye daftari akaandikwa "hapatikani". Miezi ikapita.

Wakati huohuo ujumbe uleule ulikuwa umefika kwenye simu nyingine, nyumba nyingine, ambako mwenye simu alikuwa amekwisha kuzikwa. Mkewe ndiye aliyesoma. Alikuja kituoni siku ya pili, hakugomba. Aliweka simu kwenye dirisha, skrini ikimtazama sista, akasema: "Nimekuja kumwombea ruhusa." Akaondoka.

Hiyo ndiyo siku karatasi ilipobanduliwa.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoamua wenyewe. Sista alitaka tukae sisi wa kliniki tuchague neno zuri zaidi. Bi Mkubwa alikataa. Alisema neno la zamani nalo lilichaguliwa na watu waliokaa ofisini, na kwamba wenye kuitwa waulizwe. Basi likapelekwa kwenye kikao cha mwezi cha wanachama wa Konga, yaani umoja wa watu wanaoishi na VVU, chini ya mti wa mkungu ulio nyuma ya ofisi ya kata.

Kikao kile nakikumbuka kwa babu mmoja mvuvi aliyesimama akasema maneno machache tu: "Mtoro ni mwanafunzi. Mimi nina wajukuu." Baada yake watu wakafunguka. Mmoja alikuwa hachukii "mtoro" hata kidogo, alichukia "ufuasi mbaya", neno la kliniki kwa asiyemeza dawa ipasavyo, kwa sababu lilimfanya ajione ameasi dini. (Sikuwahi kulifikiria hivyo. "Ufuasi wa dawa" tunalisema kila siku bila kumwona mfuasi aliye ndani yake.) Mwingine alichukia kuulizwa "kwa nini hukuja?", akasema swali la kwa nini huulizwa na mtu ambaye jibu hatalikubali.

Pendekezo la kwanza lilitoka kwangu, na lilikuwa baya. Nilisema tuseme "mteja", kama wanavyofundishwa wahudumu wengi siku hizi. Vijana waliokaa nyuma wakaangua kicheko. Katika mji ule "teja" ni mtu wa dawa za kulevya, na ukimwita mtu "mteja wetu" mbele ya majirani, sikio la mtaa linakata silabi ya kwanza. Babu mvuvi akaongeza kwamba mteja ana haki ya kwenda duka jingine, je, tuko tayari? Nikalirudisha mfukoni.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutotafuta neno mbadala la jumla. Bi Mkubwa aliuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa na mimi niliyelipiwa nauli ya kufundisha: waliomo kwenye orodha wanafanana nini? Wakaanza kutajana kwa wanavyowafahamu. Mmoja kafariki. Wawili wamehama na wanachukua dawa wilaya nyingine, hawakuaga tu. Mmoja yuko baharini, msimu wa kambi haujaisha. Mmoja mume hajui, na dawa anazificha kwenye debe la unga. Mmoja nauli. Na Mama Vitumbua, ambaye hakuna aliyejua sababu yake. Neno moja lilikuwa limewafunika wote, na sisi tulikuwa tunalitibu kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Ikaamuliwa kwamba badala ya kuandika mtu ni nani, iandikwe kilichotokea: "amehama", "yuko kambi", "hatujui bado". Hilo la mwisho lilikuwa gumu kwa mtunza kumbukumbu. Alisema halina heshima kwenye ripoti.

Uamuzi wa tatu ulihusu salamu. Pwani mtu usiyemwona siku nyingi unamwambia "umepotea!", na ni lawama iliyojaa mapenzi. Unamlaumu kwa sababu pengo lake limeonekana. Daftari nalo lilikuwa na "waliopotea", mzizi uleule, ila pale wamepotea kama mbuzi. Bi Mkubwa akasema yeye atakwenda kwa watu kwa ile "umepotea" ya barazani. Kwa wasiofikika kwa miguu, ujumbe wa simu ukaandikwa upya: "Tumekukosa Jumanne. Karibu wakati wowote."

Ulikuwa ujumbe mzuri. Ndani ya wiki mbili ulikuwa umezua ugomvi wa ndoa. Mume aliona namba asiyoijua inamwambia mkewe "tumekukosa Jumanne", akataka kujua Jumanne kulikuwa na nini. Mama yule alilazimika kubuni msiba.

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi ambao hadi leo naona ndio uliobeba mengine yote: kila mtu aulizwe, siku ya kuanza dawa, "tukikutafuta, tukuambieje?" Jibu likaandikwa kwenye kadi kwa maneno yake. Wengine walisema wapigiwe tu, mpigaji aulize kwanza "una nafasi ya kuongea?" Wengine walitaka tujifanye wa kikoba. Sista alisita, hakutaka kituo kiseme uongo. Walibishana kwa muda mrefu, mwisho wakakubaliana kwamba mpigaji ataje jina lake tu, "ni fulani, nakusalimia", na anayepigiwa ajaze mwenyewe lililobaki. Hakuna uongo, wala hakuna siri iliyotoka.

Bi Mkubwa kwenye vitumbua

Alikwenda asubuhi tatu. Siku ya kwanza alinunua vitumbua vinne, wakaamkiana, akaondoka. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu alichelewa makusudi ili wateja wapungue. Mazungumzo haya nimeyapata kwa wote wawili, na yanalingana.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

"Nipo, mama. Si unaniona?"

"Hapa nakuona. Kule benchi letu lina pengo."

Mama Vitumbua akageuza kitumbua, akakiangalia kikibadilika rangi. "Mie nimeshapona, mama. Sista mwenyewe aliniambia havionekani."

Bi Mkubwa anasema alikosa la kusema. Alikuwa amejiandaa kwa aibu, kwa mume, kwa nauli, kwa maombi. Hakujiandaa kwa hili. Akashika upindo wa kanga yake iliyochuja kwa kufuliwa, akauinua. "Hii unaiona? Imefubaa. Ila ni kanga bado, sivyo? Ndiyo maana dawa zetu wanaziita za kufubaza. Hivyo vidudu havijatoka. Vimelala. Dawa ndiyo inayovibembeleza. Ukiacha kubembeleza, mtoto anafanya nini?"

"Anaamka."

"Basi."

Alimaliza kukaanga unga uliobaki. Keshokutwa yake, siku ya kliniki, alikuwa kwenye benchi.

Matokeo

Alikuwa amekaa bila dawa karibu miezi minane. Alipimwa CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, akachunguzwa kifua kikuu, akaanzishwa dawa upya siku hiyohiyo. Dirishani hakuulizwa kwa nini. Aliulizwa "dawa zilikuishia lini?", swali lenye jibu la tarehe, na jibu hilo ndilo mtoa dawa analohitaji. Kipimo cha baadaye kilionyesha virusi vimeshuka tena. Safari hii sista alimwambia: "Vimelala. Vikiendelea kulala hivi, hata mwenzio kitandani hutamwambukiza. Ukiacha dawa vinaamka." Kisha akamwomba ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Aliyarudia kwa mfano wa kanga.

Wengine kwenye orodha: mvuvi wa kambini alirudi aliporudi. Wawili waliohama walifanyiwa uhamisho wa karatasi, wakafutika kwenye hesabu ya wanaotafutwa. Mama wa debe la unga alipangiwa kuchukua dawa za miezi mingi kwa mpigo. Wa nauli hakurudi. Tulimpelekea maneno mazuri, na kwake kulikuwa mbali vilevile.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kisa hiki husimuliwa kituoni kama kisa cha neno "mtoro". Mimi sikubali. Mtoro lilikuwa neno la pili. La kwanza lilikuwa "havionekani", na ndilo lililomtoa Mama Vitumbua kliniki. "Mtoro" lilimfungia tu mlango asirudi. Tofauti yake ni kubwa kwa anayefundisha, kwa sababu "mtoro" ni neno la dharau na kila mwanaharakati analinusa kwa mbali, ilhali "havionekani" ni neno la habari njema. Tangu mwaka 2016 kampeni duniani zimekuwa zikieneza ukweli kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Ukweli huo umewaondolea watu mzigo mkubwa wa hofu. Ila kwenye Kiswahili cha kila siku, kitu kisichoonekana kimepotea, kimekwisha, hakipo. Mbuzi haonekani, basi kaibiwa. Yaliyoachwa nje ya sentensi ile ni "kwenye kipimo" na "ukiendelea na dawa", na bila hayo sentensi ilimpa mama mwenye nidhamu kuliko wote sababu halali ya kuondoka.

Tulikuwa tumejifunza kupima neno kwa swali la "je, linamuumiza?" Hatukuwa tukiuliza "atafanya nini akilisikia?"

Kanga ya Bi Mkubwa ilifanikiwa kwa sababu neno "kufubaza" tayari lilikuwemo kwenye jina la dawa, miaka yote, limeandikwa mpaka kwenye mabango. Waliolibuni walichagua vizuri sana. Lakini vijana wa kituo hawakuwa wakisema "kufubaa" kwa jambo jingine lolote, kwa hiyo kwao lilikuwa neno la kitaalamu, lisilo na picha. Kwa mama wa miaka arobaini aliyefua kanga maisha yake yote, lilikuwa linangoja tu wa kuligusa.

Kingine ni wito. Mtu mzima aliitwa "mwanangu" na mwanamke aliyempita umri, akajibu kwa shikamoo, na mambo yote yaliyofuata yalipita ndani ya uhusiano huo. Kaka mshauri wa miaka thelathini asingeweza kumwambia "umepotea" kwa uzito uleule. Tulijaribu kumpa maneno hayohayo. Yalitoka kama mzaha. Kwa wanaume wa rika lake alikuwa hodari mno, kwa "vipi mwanangu, kimya sana", ambalo Bi Mkubwa angelisema lingechekesha.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Fomu haikubadilika. Inakuja imechapishwa, na kituo hakina mamlaka nayo. Mtunza kumbukumbu akawa na lugha mbili, ya karatasi na ya mdomo, na siku za foleni ndefu ile ya karatasi ilimponyoka. Baada ya miezi kadhaa sista alihamishwa. Aliyekuja hakuwa mtu mbaya, lakini alilikuta neno kwenye fomu na hakuikuta hadithi yake popote. Ndani ya wiki nilimsikia akisema "watoro wangu". Hatukuwa tumeandika chochote. Tulikuwa na makubaliano ya chini ya mkungu tu.

Kosa jingine lilikuwa langu. Baada ya mafanikio ya mwanzo nilibandika ukutani safu mbili: maneno ya kusema na maneno ya kutosema. Watu wakaanza kukosoana. Mama mmoja kwenye benchi aliyejiita mwenyewe "mwathirika" alisahihishwa na kijana mbele ya wote, akanyamaza siku nzima. Lilikuwa neno lake, la miaka ishirini, alilokuwa amezika nalo mume na mtoto. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumpokonya. Niliiondoa safu ile jioni hiyohiyo, lakini yule mama sikumsikia tena akizungumza kikao.

Na yule mjane hatukumrudia. Tulibandua karatasi kwa ajili yake, tukabadilisha ujumbe kwa ajili yake, na hakuna aliyefunga safari kwenda kumwambia pole. Bi Mkubwa alilisema hilo kwenye kikao cha mwisho nilichohudhuria, akiwa anakunja mkeka. Sista mpya akauliza nyumba yenyewe iko wapi.